Samaki wa Kwanza Nyumbani

Tumeulizwa na nyumba zaidi ya moja, huku Ngara na kule Biharamulo, kama yawezekana mtu kufuga samaki wa bahari ndani ya sanduku la kioo sebuleni, wale wenye rangi nzuri ambao watoto wamewaona katika picha. Swali ni jema, nasi twapenda kulijibu taratibu, maana sisi wenyewe tulianza kufuga samaki bila kuuliza mtu, na samaki ndio waliolipa deni la haraka yetu.

Habari yenyewe ni hii. Tulipata sanduku la kioo, tukalijaza maji ya chemchemi asubuhi, na jioni ile ile tukatia samaki kumi waliotoka ziwani. Maji yalikuwa meupe kabisa, hata watoto wakasema samaki wanaelea hewani. Siku ya tatu samaki wakaanza kupanda juu na kuhema. Siku ya tano alibaki mmoja, na siku ya sita hakubaki hata yeye. Mtoto wetu mdogo akauliza kama maji yalikuwa na sumu. Tulimjibu upesi kwamba maji yalikuwa safi. Baadaye tulijifunza kwamba mtoto alisema kweli kuliko sisi.

Sumu isiyoonekana

Kila alaye hutoa uchafu, na samaki vivyo hivyo. Katika kinyesi chake, na katika mabaki ya chakula yanayooza, na hata katika matamvua yake anapovuta pumzi, hutoka kitu kiitwacho amonia. Ziwani amonia hupotea katika wingi wa maji. Sandukuni haina pa kwenda, nayo ni sumu. Huunguza matamvua ya samaki hata ashindwe kupumua, ingawa maji yaonekana meupe kama kioo.

Lakini Mungu ameweka katika maji watumishi wadogo mno, wasioonekana kwa macho. Vijidudu vya jamii moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo ni sumu bado. Vya jamii nyingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haidhuru sana isipozidi. Vijidudu hivi hukaa juu ya mchanga, mawe na kioo, wala si katika maji yenyewe kwa wingi. Katika sanduku jipya ni vichache sana. Huchukua majuma manne hata sita, pengine manane, kabla havijawa vya kutosha.

Akina mama wataelewa jambo hili upesi. Maziwa mabichi yakitiwa katika kibuyu kipya hayagandi vizuri. Yakitiwa katika kibuyu kilichozoea mtindi huganda. Sanduku la samaki ni kama kibuyu: sharti lizoee kwanza. Sisi tulitia samaki katika kibuyu kipya.

Je, maji ya bahari?

Kanuni hiyo ni moja kwa maji ya chumvi na kwa maji baridi. Wa kwanza kufaulu kutunza viumbe wa bahari nyumbani kwa muda mrefu, mbali na pwani, alikuwa Bibi Anna Thynne, mke wa kasisi wa kanisa la Westminster Abbey mjini London. Mwaka 1846 alikuwa Torquay, pwani ya kusini ya Uingereza, akaona matumbawe hai, akayachukua nyumbani ndani ya chombo cha maji. Akaagiza maji ya bahari yaletwe. Na kwa kuwa aliona maji yanahitaji hewa, mtumishi wake wa kike aliyamimina toka chombo hata chombo, karibu na dirisha lililo wazi, nusu saa au zaidi kila siku. Mwaka 1847 akaongeza mimea ya bahari ili kusaidia kazi hiyo. Matumbawe yake yakaishi, hata yakazaa. Twapenda habari hii kwa sababu haikuanza na fedha nyingi wala mitambo. Ilianza na mwanamke mwenye subira, na mkono wa msichana mmoja ambaye jina lake halijulikani sana, naye ndiye aliyefanya kazi iliyo nzito.

Walakini kwetu jambo la maji ya bahari ni gumu. Kila lita ya maji ya bahari ina chumvi kiasi cha gramu 35, na hiyo si chumvi ya jikoni peke yake. Imechanganyika na magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na vingine vingi. Mtu akitia chumvi ya mezani katika maji ya kisima hakufanya bahari, amefanya mchuzi. Iko chumvi maalumu iliyochanganywa kwa kazi hii, lakini ni ya kununuliwa kwa bei kubwa, tena hutakiwa kila maji yabadilishwapo. Samaki wa pwani yetu huzoea joto, na usiku wa vilima vya Ngara ni baridi, basi wahitaji umeme wa kupasha maji moto mchana na usiku. Toka hapa hata Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,000. Tusidanganyane: anayeanza asianzie huko.

Samaki wetu wenyewe

Tena hatuna haja. Ziwa Victoria lina samaki wadogo waitwao furu, ambao watu wengi huwadharau kwa sababu ya miiba yao. Dume akiwa katika fahari yake hung'aa kwa buluu, nyekundu au manjano, asishindwe sana na samaki wa bahari. Wataalamu wametaja aina zaidi ya 500 za furu katika ziwa hilo. Sangara alitiwa ziwani katika miaka ya 1950, naye alipoongezeka sana katika miaka ya 1980 aliwala furu bila hesabu. Tena maji yalikuwa yakichafuka. Yakadiriwa kwamba aina kama 200 zilitoweka. Nyingine zimeanza kurudi. Nyingine zilihifadhiwa katika masanduku ya kioo huko Uholanzi, Uingereza na Marekani. Watu wa mbali wamewatunza furu wetu kwa uangalifu, hali sisi twawatupia paka.

Namna ya kuanza

Sanduku la urefu wa sentimeta 60, upana 30 na kimo 30 hubeba maji kiasi cha lita 50. Maji hayo yana uzito wa kilo 50, basi meza iwe imara, mbali na jua la dirishani, maana jua huleta ukijani na joto. Kioo kiunganishwe na fundi kwa gundi ya silikoni, kisha kijazwe na kuachwa siku mbili nje ya nyumba ili ionekane kama kinavuja.

Osha mchanga wa mto hata maji yatoke meupe, uutandaze vidole viwili. Panga mawe yafanye mapango madogo. Maji ya chemchemi yafaa kuliko maji ya mvua peke yake. Maji ya bomba yenye dawa ya klorini yakae wazi siku mbili kwanza. Usichote maji ya ziwani wala ya bwawani, kwa ajili ya kichocho. Na mimea ya majini uikague jani kwa jani, usilete konokono nyumbani. Gugumaji usiliguse kabisa.

Sasa ngoja. Kila siku ya pili tia chembe chache za unga wa dagaa, kana kwamba samaki yumo. Zitaoza, na vijidudu vile vitapata chakula na kuongezeka. Ukiwa na jirani mwenye sanduku la zamani lenye samaki wazima, mwombe konzi moja ya mchanga wake. Ni kama tone la mtindi katika kibuyu. Vijana watanung'unika kwamba wanatazama maji matupu. Waache wanung'unike. Mwalimu aweza kuwapa kazi ya kuandika kila juma yanayoonekana: ukungu wa maji, utelezi juu ya mawe, majani mapya.

Samaki wa kwanza

Baada ya majuma sita tia samaki wawili wadogo, si kumi. Ukiongeza, ongeza mmoja mmoja baada ya majuma mawili au matatu, maana vijidudu huongezeka kwa kadiri ya kazi. Madume ya furu ni wagomvi, basi lisiwe zaidi ya dume moja. Walete katika ndoo yenye kifuniko kilichotobolewa. Ukifika, usiwamwage, changanya maji yao na maji ya sandukuni kidogo kidogo kwa nusu saa, ndipo uwahamishe.

Walishe mara moja kwa siku, kile wanachokimaliza kwa dakika mbili au tatu. Unga wa dagaa wafaa, na viluwiluwi vya mbu huvipenda sana. Samaki wengi wa nyumbani hufa kwa kushibishwa kuliko kwa njaa. Kila juma ondoa robo ya maji na kutia mapya yaliyotulia. Penye umeme, mashine ndogo ya kupuliza hewa husaidia. Pasipo umeme, weka samaki wachache, na ukiwaona wakihema juu ya maji alfajiri, chota maji kwa jagi na kuyamimina toka juu mara nyingi, kama yule msichana wa London.

Mambo mawili twayasisitiza. Kwanza, uliza afisa uvuvi wa wilaya kabla ya kuchukua samaki hai. Ziwa Burigi limo ndani ya hifadhi ya taifa tangu mwaka 2019, na humo haturuhusiwi kujichukulia kitu. Pili, ukichoka kufuga, usiwamwage samaki mtoni. Maji ya Ruvubu huingia Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, na Kagera huingia Ziwa Victoria. Habari ya sangara yatosha kutufundisha kwamba ndoo moja yaweza kubadili ziwa zima.

Basi sisi tulianza upya. Tuliosha lile lile sanduku, tukangoja majuma saba, tukatia furu wawili. Mwezi wa nne jike akaacha kula, na taya lake likavimba. Tulihuzunika, tukidhani ni ugonjwa. Kumbe alikuwa amebeba mayai kinywani, kama ilivyo desturi ya furu. Karibu majuma matatu alikaa hivyo, akikonda, asimeze kitu. Kisha asubuhi moja akafungua kinywa, wakatoka watoto wadogo kama punje za mtama. Na paka alipokaribia kioo, wote wakarudi mbio kinywani mwa mama yao.

Mtoto wetu alikuwa wa kwanza kuwaona. Hakuuliza tena habari za sumu. Aliuliza tu kama majuma saba yanatosha, au kama mara nyingine tungoje manane.