Keja ya Siyu, Kabla Utoe Dipo

Vijana wengi wa Lamu tukishika ganji kidogo, akili inakimbia Mombasa. Msee anasaka bedsita Bamburi, analipa landi kila mwezi, na miaka inaisha bila hata jiwe moja lenye jina lake. Mimi nasema hivi: hiyo doo iingie keja ndogo Siyu, kisiwani Pate, kule pembeni ya mji, vyumba viwili vitatu na uwanja wa nyuma. Lakini keja ya Siyu inasomwa kivyake. Ukiicheki na macho ya Bamburi, utapigwa.

Safari yenyewe iko kwa bajeti. Unatoka Lamu na boti, unapita Mkanda, unashuka Mtangawanda, alafu unachukua nduthi. Mkanda ni mwembamba, na maji yakiwa yamekupwa, boti inangoja. Sasa jua kila mfuko wa simiti na kila bati litapita njia hiyo hiyo, likipakiwa na kushushwa, kila mkono ukidai chake. Kwa hivyo keja ya bei poa inayodai ukarabati mwingi si ya bei poa. Bonga na fundi na mtu wa boti kabla hujabonga na mwenye keja.

Ukifika, achana na rangi. Chuchumaa, weka kiganja ukutani pale chini karibu na sakafu. Makeja ya mawe ya huku ni matumbawe na chokaa, na ukuta wa aina hiyo unapumua: unyevu unapanda kutoka ardhini, unatoka mdogo mdogo. Ngori inaanza pale mwenyewe anataka keja ikae ya kisasa, anapiga plasta ya simiti juu ya chokaa. Maji yanakwama ndani, chumvi inasukuma, plasta inavimba. Igonge na kifundo cha kidole. Ikilia wazi kama debe tupu, imeshaachana na ukuta. Kwaruza kidogo uone ule unga mweupe wa chumvi unavyodondoka. Keja kama hiyo bado inaokoleka, dawa ni kubandua simiti na kurudisha chokaa, ila gharama hiyo lazima ishuke kwa bei. Mimi naamini zaidi ukuta wa chokaa wenye madoa na nyufa nyembamba kuliko ule uliopakwa rangi juzi juu mnunuzi anakuja.

Ukitaka kujua ukuta mzuri unakaaje, pitia ngome kwanza. Fort Jesus ilijengwa na Mreno, lakini hii ya Siyu ni ya wenyeji wenyewe, karne ya 19, wakati wa watawala wa hapa akina Bwana Mataka, waliomgomea Sultani Seyyid Said wa Zanzibar miaka ya 1840. Ni mawe yale yale na chokaa ile ile. Mji huu ulivuma kwa mafundi wa milango, ngozi na nakala za Kurani, na ukinisho kijana wa hapa hawezi kukaa kwa keja ya mawe juu si ya kisasa, nitakubishia mpaka usiku.

Juu sasa. Dari ya zamani ni boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba ni vyembamba: urefu wa boriti ndio unaamua upana wa chumba. Usicheki katikati, cheki ncha zinapoingia ukutani, mchwa anapendaga hapo. Choma na ncha ya kisu; ikizama, fungu la boriti mpya liko njiani. Bati la pwani linaliwa na kutu mbio. Makuti yako poa kwa joto, ila ulizia umbali wa paa la jirani. Faza iliwaka 2009 na mamia ya familia wakabaki bila makao, na Faza ni hapo tu, kisiwa hiki hiki cha Pate.

Maji, manze, usiamini msimu wa mvua. Kisima kinaweza kuwa kitamu mwezi wa Juni alafu kikageuka cha chumvi. Onja Februari ama Machi, kaskazi imekaza na ardhi imekauka. Ulizia pia jabia ya maji ya mvua iko wapi, ni ya nani, na wanawake wa hapo wanateka maji wapi kiangazi. Jibu lao lina uzito kuliko la broka yeyote.

Tuje kwa ile inayozamisha wasee wengi. Keja nyingi za mji hazina hati miliki, kuna karatasi ya mauziano na mashahidi tu. Kama hati ipo, fanya utafutaji ofisi ya ardhi Lamu. Kama haipo, kaa na mzee umuulize kwa heshima:

"Mzee, nyumba ni yako ama ni ya urithi?"

"Ni ya babetu, mwanangu. Mimi ndiye mkubwa."

Hapo tulia. Chukua marehemu aliyeacha mke, wavulana wawili na msichana mmoja, wazazi wake wakiwa wametangulia. Kwa faraidhi, mke anapata thumni, yaani asilimia 12.5. Zinazobaki zinagawanywa mafungu matano: kila mvulana mawili, msichana moja. Huyo mkubwa anayekuuzia anamiliki asilimia 35. Zingine ni za mamake, ndugu yake na dadake, na dadake akija kudai miaka saba baadaye, haki iko upande wake. Ulizia pia kama nyumba ni wakfu. Ikiwa ni wakfu, mrudishie mzee shukrani na uende zako, hakuna bei hapo.

Warithi wapelekwe kwa Kadhi, mgao uandikwe, kila mmoja aweke sahihi, wamama kwa mabinti wakiwemo. Mipaka tembeeni pamoja na majirani wa pande zote. Kama mrithi mmoja yuko Jeddah, dipo ikae mfukoni mpaka karatasi yake ifike.