Usaili wa Udaktari Haukaririwi

Mwaka 1979 bunge la jimbo la Texas, Marekani, liliitaka shule ya udaktari ya Houston iongeze wanafunzi 50 ilhali nafasi zake 150 zilikwisha kujaa. Ikabidi kamati iwarudie waombaji ambao wasaili walikuwa wamewaweka mkiani mwa orodha ya watu takriban 800. Makundi hayo mawili yalipokuja kulinganishwa, masomoni, wodini na hata katika idadi ya walioacha chuo, hapakuonekana tofauti ya maana. Usaili wa ana kwa ana, uliotumia saa nyingi za madaktari wenye kazi zao, haukuwa umebashiri lolote.

Udhaifu wa namna hiyo ndio uliowashughulisha Kevin Eva na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, ambao mwaka 2004 walichapisha mfumo wa usaili wa vituo vingi: vituo 10, dakika 8 kila kimoja, na dakika 2 za kusoma swali mlangoni. Kila kituo kina msaili wake, hivyo aliyeboronga cha kwanza huanza upya cha pili. Hapo ndipo jibu lililokaririwa la “kwa nini unataka kuwa daktari” linapopungua thamani, maana huenda lisikufae hata mara moja. Mfano mmoja wa McMaster unamhusu daktari anayewapendekezea wagonjwa tiba asiyoiamini mwenyewe, kwa kuwa haidhuru na inawatuliza. Huwezi kulikisia swali hilo nyumbani. Kinachosikilizwa ni jinsi unavyopima faraja ya mgonjwa dhidi ya haki yake ya kuambiwa ukweli.

Basi kozi za kulipia za kujiandaa kwa usaili zina faida gani? Utafiti uliochapishwa Australia mwaka 2008 haukuona kuwa waliozihudhuria waliwapita wenzao vituoni. Hata hivyo, lipo pingamizi zito dhidi ya vituo vyenyewe: mfumo huu nao una upendeleo: huko California wachangamfu walionekana kupata alama za juu kuliko wakimya. Ni kweli, na kwa mkimya hiyo ndiyo sababu hasa ya kujiandaa, ila ajizoeze kuwaza kwa sauti. Achukue mkasa asioujua, ausome dakika 2, kisha aueleze mbele ya mtu asiyemzoea, ambaye atamkatiza na kumdai sababu ya kila hukumu.