Kibao cha Mashine Katika Mashua

Leo nataka kuwaelezeni habari ya kitu kidogo ambacho wengi hawakitazami mpaka siku ya hasara. Kitu hicho ni kibao cha kutungikia mashine nyuma ya mashua.

Vyombo vingi vya pwani yetu, ingawa hutweka tanga, huchukua na mashine ndogo ya kusaidia upepo unapolala. Katika mashua yenye tezi pana, usukani umekwisha kushika mahali pa katikati. Kwa hiyo mashine hutungikwa kando yake, juu ya kibao. Ngalawa nayo imechongoka omo na tezi, wala haina mahali pa kuibana mashine pasipo kibao.

Mimi nilijifunza thamani ya kibao siku moja ya kusi, tulipokuwa tukirudi kutoka kisiwani. Nahodha alikuwa mtu hodari, na mashine ilikuwa mpya. Kibao ndicho kilichokuwa cha zamani. Wimbi lilipotuinua tukasikia mlio wa ubao kupasuka. Bolti mbili za juu ziling'oka, mashine ikainama, ikazama mbele ya macho yetu, na maji yakaanza kuingia kwa yale matundu. Tulitweka tanga upesi, mmoja akashika usukani, na sisi wengine tukafua maji kwa upo hata tukafika pwani. Watu wote walipona, lakini mali ya miaka mingi ilipotea.

Je, kwa nini ziling'oka bolti za juu, wala si za chini? Rafadha iko chini kabisa ya mguu wa mashine. Inaposukuma chombo kwenda mbele, mguu hukandamiza upande wa chini wa kibao juu ya mbao za tezi, na upande wa juu huvutwa kwenda nyuma. Ni kama mtu anayebandua ubao kwa mtaimbo: mkono ukiwa mrefu, nguvu huzidi. Tena wimbi likiinua tezi, rafadha hutoka majini ikazunguka bure kwa kasi; ikirudi majini hushika ghafula, na kibao chote hutikisika.

Basi, mwenye chombo na ayashike mambo haya matano.

Kwanza, kibao kisifungwe kwa misumari. Kifungwe kwa bolti zinazopenya mbao za tezi, na kwa ndani uwekwe ubao wa pili mnene, pamoja na washa pana, ili nguvu ienee mahali pakubwa. Kila bolti ipewe nati mbili, ya pili iikaze ya kwanza.

Pili, angalia madini. Chuma na shaba, au chuma na alumini, vikigusana katika maji ya chumvi, kimoja hula kingine. Bolti, nati na washa ziwe za namna moja. Hata chuma kisichoshika kutu huweza kulika ndani ya ubao mbichi, mahali pasipoonekana. Kwa hiyo, chombo kinapopandishwa pwani kupakwa shahamu, chomoa bolti moja ya juu uitazame. Ikiwa imelika, zibadili zote.

Tatu, jaribu ubao wenyewe. Ugonge kwa mpini wa kisu: ubao mzima hutoa mlio mkavu, uliooza hutoa mlio mzito. Kisu kikizama karibu na tundu la bolti, ubao huo haufai tena, hata ukipakwa rangi nzuri.

Nne, angalia kimo. Mguu mfupi wa mashine huhitaji kama inchi 15, na mrefu kama inchi 20. Lile bamba lililo juu ya rafadha liwe sawa na chini ya chombo mahali pale, au chini kidogo zaidi. Mashine iliyo juu mno hukosa maji kila wimbi linapopita, na mshtuko wake huangukia kibao.

Tano, funga kamba madhubuti kutoka kwenye mashine hadi kwenye taruma au mbao nene ya chombo. Usiifunge kwenye kibao! Kibao kikienda, kitakwenda na kamba na mashine pamoja. Kamba iwe fupi, isifikie rafadha.

Kabla ya kila safari, shika mashine kwa mikono miwili, uitikise. Ikicheza hata kidogo, usitoke mpaka umekaza. Kisha, baada ya mwendo mfupi, izime na ukaze tena zile skrubu za kuibana, kwa maana mtikisiko huzilegeza. Ukirudi, osha kibao kwa maji ya kisima na upake nati grisi.

Kazi hii haimalizi hata robo saa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta; na baharini, ndugu zangu, hakuna mahali pa kujengea ukuta.