Wembe Si Ule Ule: Usome Mkia Kabla ya Kuuza

Tumezoea kusema wembe ni ule ule. Kwa wembe wa kukunja wa zamani, msemo huo waweza kumtia mtu hasarani, au hata kumfikisha kortini.

Kinyozi wa leo, awe Mombasa au Takaba kule Mandera Magharibi, anatumia mashine na wembe wa kutupa. Ule wa babu umebaki sandukuni, na mnunuzi wa vyuma chakavu akipita huupima kwa kilo. Kabla hujautoa, ufungue uangalie mkia, yaani kile kipande cha chuma baina ya makali na mpini. Hapo ndipo mtengenezaji alipogonga chapa yake.

Miongoni mwa chapa zilizosifika ni Joseph Rodgers & Sons wa Sheffield, Uingereza. Alama yao ni nyota na msalaba wa Malta, waliyopewa mwaka 1764. Jina la Rodgers peke yake halitoshi, kwani mafundi wengine wa Sheffield walikuwa nalo, na waigaji hawakukosekana. Tafuta nyota na msalaba pamoja.

Umri nao husomeka. Taji lenye herufi V na R ni la enzi za Malkia Victoria, 1837 hadi 1901. Neno England kwa kawaida huonyesha wembe ni wa baada ya 1891, Marekani ilipoanza kudai bidhaa zitaje nchi zilikotoka. Ubapa mnene kama kabari huwa wa zamani zaidi. Uliochongwa mbavu hadi ukawa mwembamba ni wa baadaye. Usiusugue kwa msasa, utafuta ushahidi wote. Kitambaa laini na mafuta kidogo yatosha. Hewa ya chumvi ya Pwani hula chuma. Ukavu wa Takaba hukihifadhi, ila hupasua mpini.

Na mpini ndio wenye hatari. Mingi ni ya pembe ya ng'ombe, mfupa au seluloidi, na hiyo haina neno. Mfupa una vitundu vidogo vyeusi. Seluloidi ina mistari iliyonyooka mno, kama iliyopigwa rula. Ukiona mistari myembamba inayopishana kwenye ncha ya mpini, hiyo ni pembe ya ndovu. Rodgers walikuwa wanunuzi wakubwa wa pembe hizo, na katika karne ya 19 soko lake kuu Afrika Mashariki lilikuwa Unguja. Basi huenda mpini huo ulitoka bara letu, ukapita bandarini kwetu, ukarudi ukiwa umeshikiliwa na chuma cha Mzungu.

Hapo usicheze. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza kumiliki au kuuza pembe ya ndovu bila kibali, na adhabu yake ni faini nzito au kifungo. Kusema ni urithi wa babu si kibali. Usiutangaze mtandaoni, wala usiutie katika mzigo wa Dubai au Muscat. Muulize wakili kwanza, kisha Shirika la Wanyamapori, KWS.

Kama mpini ni wa kawaida na nyota na msalaba vipo, usiuachie kwa bei ya chakavu. Utunze, ila usinyolee mtu: wembe wa kushirikiana hubeba maradhi ya damu, hata uwe na taji la malkia.