Shujaa Mmoja au Wote?

Wenzangu walimu hapa Isiolo hunijia na hoja hii: Marekani ilimtengea Martin Luther King sikukuu kwa sheria ya 1983; mbona Kenya isimtengee Tom Mboya, aliyeuawa tarehe 5 Julai 1969?

Hoja ni nzito, lakini siiafiki. Sikukuu yenye jina la mtu huishi kwa hisani ya watawala. Siku ya Moi iliachwa nje ya Katiba ya 2010, ikarejeshwa na Mahakama Kuu mwaka wa 2017, kisha ikabadilishwa jina tena na tena hadi ikawa Siku ya Mazingira.

Isitoshe, shujaa wa nani? Daudi Dabasso Wabera, Mkuu wa Wilaya wa kwanza Mwafrika hapa Isiolo, aliuawa tarehe 28 Juni 1963 pamoja na Chifu Haji Galma Dido, wakati ambapo wengi kaskazini walitaka kujiunga na Somalia. Machoni pa hawa alikufa kwa ajili ya umoja. Machoni pa wale alisimama upande usiofaa. Wanafunzi wangu huwataja washtakiwa sita wa Kapenguria bila kusita. Nikiwauliza Wabera ni nani, hujibu kwamba ni wadi. (Nao hawakosei!)

Tarehe 20 Oktoba tunayo, nayo ni ya mashujaa wote. Badala ya kudai siku nyingine ya kulala, tuwatume vijana Bulapesa wakawasikilize wazee wanaoukumbuka mwaka wa 1963, maadamu wangali hai.