Demani ni majira ya kutembea, ila njia ya kushukia pwani iko wapi?

MAJANI ya miti ya Ulaya hubadilika rangi na kupukutika kati ya Septemba na Novemba, na wenyeji wa huko hutumia siku hizo kutembea katika misitu na mashamba yaliyo karibu na makwao kabla ya baridi kali kuingia. Mombasa haina majira ya namna hiyo. Mwembe wa Kisauni haujui Oktoba wala Novemba, na mnazi hudondosha kuti lake siku unayotaka. Hata hivyo, pwani ya Kenya ina majira yake ya kutembea katika miezi hiyo hiyo, nayo yana jina la kale ambalo vijana wengi wa mjini wamelisahau: demani.

Ili kuielewa demani ni lazima kwanza kuzielewa pepo mbili zinazougawa mwaka wa Mswahili. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na ndiyo iliyokuwa ikizileta jahazi kutoka Oman na Ghuba. Kusi hufuata kuanzia Aprili, ikija na mvua za masika, bahari chafu na mawimbi makubwa. Juni na Julai mabaharia wa zamani walizipandisha jahazi pwani wakazitengeneza, kwa kuwa bahari ilikuwa imefungwa. Kusi ilipoanza kuchoka, mwishoni mwa Agosti na Septemba, jahazi zilizobaki ziling'oa nanga kurejea Arabuni. Kipindi hicho cha upepo uliopungua, kati ya baridi ya kipupwe na mvua za vuli, ndicho demani.

Kwa mtembea kwa miguu, hesabu ni nyepesi. Mchana wa Machi, joto la Mombasa hupita nyuzi 32. Julai na Agosti huwa karibu nyuzi 28, na Septemba joto huwa bado halijapanda sana. Ardhi imekauka baada ya masika, majani bado ni mabichi, na vuli haijashika. Jambo moja tu humpotosha mtembezi: jua. Watu wengi hudhani kwamba magharibi huingia saa ile ile mwaka mzima kwa kuwa mji uko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Sivyo. Februari jua huzama kama saa kumi na mbili na dakika 45, ilhali mwishoni mwa Oktoba huzama saa kumi na mbili na dakika 10 hivi. Familia iliyozoea kurudi nyumbani kwa saa ya Februari itakutwa njiani na giza.

Basi majira yapo, na bahari ipo. Linalotatiza matembezi katika upande wa bara ya Mombasa ni njia ya kuifikia bahari hiyo.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, inaitaja ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Maana yake ni kwamba mchanga anaoukanyaga mtoto wa Kongowea mbele ya hoteli ya kifahari ni wake kama ulivyo wa mgeni aliyelipia chumba. Hakuna mlinzi mwenye haki ya kumfukuza. Lakini ardhi hiyo ina tabia isiyopatikana katika ardhi nyingine yoyote ya umma: huonekana na kutoweka mara mbili kila siku. Na juu ya alama ya maji kujaa huanza ploti za watu binafsi, zilizopangana ukuta kwa ukuta. Asiyekuwa na kichochoro cha kupita kati ya kuta hizo ana haki ya ufukwe asioweza kuufikia.

Ndiyo maana anayetaka kutembea pwani sharti aujue mwezi. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pamoja na siku moja au mbili zinazofuata, ni siku za maji ya bamvua. Bahari hujaa mno na kupwa mno, na tofauti ya kimo huko Kilindini hupita mita 3. Maji ya bamvua ya Machi na Septemba huwa makubwa kuliko ya miezi mingine. Katika siku hizo maji hupwa kabisa kama saa nne asubuhi, na hujaa kama saa kumi au saa kumi na moja jioni. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, huwa maji mafu: bahari haijai sana wala haipwi sana, na maji hutoka saa za alasiri. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Familia huondoka nyumbani baada ya swala ya alasiri siku ya Jumamosi, watoto wamebeba mpira, mama amefunga mahamri ndani ya leso, na wanapofika wanakuta maji yamegonga ukuta wa hoteli. Wanarudi wakilaumu bahari. Lau wangetazama mwezi usiku uliotangulia wangejua kwamba bamvua hutaka asubuhi, na jioni ni ya maji mafu.

Likoni ndiyo inayofikika kwa urahisi zaidi kwa asiye na pesa, kwa kuwa abiria wa miguu hawalipi nauli kwenye feri. Kutoka kivukoni hadi ufukwe wa Shelly ni mwendo usiofika saa moja kwa mguu wa polepole, na ni njia yenye vituo: mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, viazi karai, madafu. Wakati wa kusi ufukwe wote wa upande huo wa pwani hujaa mwani uliosukumwa na mawimbi, na harufu yake si ya kumpendeza kila mtu. Kusi ikilegea, mwani hupungua na mchanga huonekana tena. Maji ya asubuhi yakitoka, mwamba wa matumbawe hubaki wazi pamoja na vidimbwi vyenye kaa na samaki wadogo. Viatu ni vya lazima. Katika mawe hujificha viumbe weusi wa duara wenye miiba inayovunjika ndani ya nyayo, na kwenye mchanga laini taa hujizika, naye mkia wake hauna mzaha.

Upande wa pili wa Likoni, kuelekea Mtongwe, pwani si ya kutembelewa kiholela, kwa kuwa sehemu kubwa iko ndani ya kambi ya Jeshi la Majini. Mtongwe yenyewe haisahauliki. Mnamo Aprili 29, 1994 feri ilizama katika kivuko hicho na watu 272 wakafa maji. Wazee wa Likoni wangali wanaitumia siku hiyo kuwakanya vijana wanaosukumana wakati wa kupanda.

Kisauni ina mengi zaidi, na si yote ya baharini. Neno Kisauni hapa linatumika kwa maana ya zamani, ikiwemo Nyali ambayo ilipewa eneo bunge lake tangu uchaguzi wa 2013. Mtu aliyevuka daraja la Nyali kwa miguu, lile la zege lililochukua mahali pa daraja la kuelea mwaka 1980, hufika Freretown kabla ya jasho kumtoka. Hapo ndipo shirika la wamishonari la Church Missionary Society lilipoanzisha makao ya watumwa walioachwa huru katika miaka ya 1870, yakapewa jina la Sir Bartle Frere. Mnara wa kengele ungali umesimama kando ya njia panda, na maelfu ya abiria wa matatu huupita kila siku bila kugeuza shingo. Kengele hiyo ilikuwa ikigongwa kuwatahadharisha wakazi dhidi ya washika watumwa. Mbele kidogo, upande wa Mkomani unaotazamana na Mji wa Kale, pana kaburi la mke wa Johann Ludwig Krapf na mtoto wao mchanga, waliofariki mwaka 1844, miezi michache tu baada ya familia hiyo kufika Mombasa. Vituo hivyo viwili humalizwa kwa asubuhi moja bila gharama yoyote ya maana.

Bamburi ni habari nyingine. Kiwanda cha saruji kilianza kuchimba mawe ya matumbawe huko mwaka 1954, na kufikia mwisho wa miaka ya 1960 kilikuwa kimeacha mashimo makubwa yasiyoota hata nyasi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, Rene Haller, alianza kupanda miti humo. Kati ya aina 26 alizojaribu, tatu tu ndizo zilizostahimili, mvinje ukiwa mmojawapo. Lakini majani ya mvinje yalidondoka yakarundikana bila kuoza, hivyo udongo haukupatikana. Haller akaona jongoo wekundu wakiyala majani hayo, akaokota wengi akawaachilia chini ya miti. Kinyesi cha jongoo kikawa mbolea, mbolea ikawa udongo, na katika udongo ule miti mingine ikaota. Anayetembea leo chini ya kivuli cha bustani inayoitwa Haller Park anatembea juu ya kazi ya mdudu ambaye watu wengi humkanyaga.

Ni hapo pia alipoletwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini huko Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akamfanya kobe mzee aitwaye Mzee kuwa mama yake. Kisa hicho kilizunguka dunia. Bustani ina kiingilio, na kwa familia yenye watoto watano kiingilio si jambo dogo. Ndiyo sababu siku za sikukuu umati huelekea ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta ulio jirani, maarufu kwa jina la Pirates, ambako kuingia ni bure, ngamia hupita, na watoto wasiojua kuogelea huhitaji jicho la mtu mzima muda wote.

Changamwe, kwa upande wake, haina ufukwe wa mchanga, na wakazi wake huambiwa kila mara kwamba hawana pa kutembea. Mji wa matangi ya mafuta, makontena na malori, husema watu. Kauli hiyo inasahau maji. Eneo hilo lililopewa jina la Wachangamwe, mojawapo ya Thelatha Taifa, limezungukwa na hori mbili: ya Tudor upande mmoja na ya Port Reitz upande wa pili. Port Reitz ilipata jina kutokana na luteni wa Jeshi la Majini la Uingereza aliyeachwa na Kapteni Owen (si yule kiboko) kuisimamia Mombasa mwaka 1824, akafariki mwaka huo huo.

Kutoka Mikindani au Jomvu Kuu, mtu hushuka kwa dakika chache akawa kwenye mikoko. Kenya ina aina tisa za miti hiyo, na mwenyeji huitenga kwa majina: mkoko wenyewe wenye mizizi kama miguu ya buibui, mchu, mkandaa, muia, mlilana. Haijapona yote. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilimwaga tope jingi huko Mwache na mikoko mingi ikakauka ikiwa imesimama, na maji taka ya mji yangali yanaingia Tudor. Palipo na nafuu ni Makupa. Kwa miongo mingi tuta la barabara liliubana mkondo wa maji kati ya hori hizo mbili. Daraja lililofunguliwa Agosti 2022 lilichukua mahali pa tuta hilo, na maji yakapata kupita tena chini yake.

Demani ndiyo inayoleta wageni katika matope hayo. Kitwitwi na sululu waliozaliana kaskazini mwa dunia hukimbia baridi na kuanza kufika Agosti na Septemba. Maji yakitoka huonekana wakidona matope kwa makundi. Darubini si lazima. Kinachotakiwa ni kufika saa moja baada ya maji kuanza kupwa, kukaa kimya, na kutovaa nguo nyeupe inayomulika.

Linalobaki ni vile vichochoro. Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi kote nchini, viwanja vya pwani vikiwemo. Tangu wakati huo, kutoka Shelly hadi Bamburi, hadithi imekuwa ile ile: njia iliyokuwa pana hupungua ikawa ya mtu mmoja, kisha hutokea geti, kisha mlinzi, na mwishowe kizazi kipya huamini kwamba njia haikuwahi kuwapo. Asiyetumia njia kwa muda mrefu humrahisishia kazi anayetaka kuiziba, kwa kuwa hapatakuwa na shahidi wa kusema alipita hapo juzi na watoto wake.

Usimamizi wa ardhi ya umma uko mikononi mwa Tume ya Taifa ya Ardhi, na malalamiko ya njia iliyozibwa huanzia huko au katika ofisi za kaunti. Mlalamishi asiende mikono mitupu. Ramani za upimaji huuzwa kwa mwananchi yeyote katika ofisi za serikali za upimaji, na njia za kushukia pwani huonekana humo kama mistari miwili myembamba kati ya ploti na ploti, ikiishia kwenye alama ya maji kujaa.