Dawa Isiyomngoja Mgonjwa



Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria tunaijua hesabu ya barafu. Mchuuzi wa samaki anayenunua barafu Mwanza na kuipeleka visiwani hajiulizi kama itayeyuka. Anajiuliza itabaki kiasi gani atakapofika. Akichelewa njiani, hasara ni yake, na hakuna wa kumlaumu.

Mwezi huu napenda tuzungumze juu ya dawa ya hospitali yenye tabia hiyo hiyo. Haiponyi ugonjwa. Ni dawa ya kupigia picha, inayowasaidia madaktari kuona saratani imejificha wapi mwilini. Inatengenezwa usiku, inatumika asubuhi, na jioni yake haifai tena. Wengi wetu hatutaihitaji kamwe. Lakini siku hizi baadhi ya wagonjwa wa kanda yetu hupelekwa kufanyiwa kipimo hicho, na nimeona kwa macho yangu gharama ya kutokukielewa.

Kikombe cha uji

Mama mmoja wa visiwani alikuwa na saratani ya tezi. Alikuwa ameanza matibabu, na madaktari wake walitaka kujua kama bado kuna ugonjwa uliosalia kifuani. Wakamwandikia kipimo kinachoitwa PET, katika hospitali moja mjini Nairobi. Familia iliuza ng'ombe wawili. Mama akasafiri na dada yake: kivuko hadi Mwanza, kisha basi kupitia Sirari.

Mimi ndiye niliyempa maelezo kabla hajaondoka. Nilimwambia, “Mama, asubuhi ya kipimo usile kitu.” Akaitikia, “Sawa, sista.” Nikamkabidhi barua yake, nikaendelea na wagonjwa wengine.

Alfajiri ya siku yenyewe dada yake alimwonea huruma. Safari ilikuwa imemchosha, na mwili ulikuwa umekonda. Akamkorogea uji wa ulezi, akautia sukari ya kutosha. Mama akanywa. Walipofika hospitali, muuguzi aliuliza kama amekula. Wakajibu kwa moyo mweupe kwamba hajala. Na kweli kwetu uji haulwi, hunywewa! Damu ilipopimwa sukari ilikuwa juu. Wakarudishwa, wakapewa siku nyingine, na dawa iliyokuwa imetengwa kwa ajili yake ikaisha nguvu humo humo kwenye chupa. Kwa siku zile za kungoja walilipia chumba na chakula kwa fedha ambayo haikuwa kwenye hesabu yao.

Kosa lile lilikuwa langu. Nilitoa amri bila kutoa sababu. Leo nataka kutoa sababu.

Florini ni kitu gani?

Florini tunaijua kwa njia mbili. Iko kidogo katika dawa nyingi za meno. Nayo ikizidi katika maji ya kunywa, kama ilivyo katika sehemu kadhaa za Arusha, huyatia meno rangi ya kahawia na hudhuru mifupa. Hiyo ni florini ya kawaida, ambayo haina mionzi.

Florini ya hospitali huitwa florini-18. Ni ndugu yake mwepesi kidogo, na haitulii. Kila baada ya dakika 110 hivi nusu yake hugeuka kuwa oksijeni, na wakati wa kugeuka hutoa mionzi. Mionzi hiyo hutoka nje ya mwili, na mashine yenye umbo la pete huipokea na kuchora mahali ilipotoka.

Lakini florini peke yake haijui saratani iko wapi. Lazima ibebwe na kitu ambacho saratani inakipenda. Kitu hicho ni sukari. Katika miaka ya 1920 mtaalamu wa Ujerumani, Otto Warburg, aliona kwamba uvimbe wa saratani hutumia glukosi nyingi kupita kiasi. Basi wakemia wakaunganisha florini-18 na sukari inayofanana sana na glukosi. Chembe za mwili huipokea kama chakula na kuanza kuitumia, lakini kwa sababu ya ile florini haziwezi kuimaliza. Inabaki ndani kama samaki aliyeingia kwenye mgono: kuingia ameweza, kutoka hawezi. Penye saratani inayokula sana, sukari hiyo hujaa, na mahali hapo huonekana katika picha.

Inatengenezwaje?

Kazi huanza na maji, ingawa si maji ya bomba. Katika kila chembe 1,000 za oksijeni ya kawaida, karibu 2 tu ni zile nzito ziitwazo oksijeni-18. Viwanda maalumu huzikusanya hizo na kutengeneza maji yenye oksijeni nzito karibu yote, na ndiyo sababu maji hayo ni ghali.

Maji hayo, kiasi kidogo tu, huwekwa katika mashine kubwa iitwayo siklotroni. Mashine huzungusha punje ndogo mno ziitwazo protoni, zikizidi mwendo kila mzunguko kama jiwe katika kombeo, kisha huziachia zipige maji. Oksijeni inayopigwa hupokea protoni moja na kutoa nyutroni moja. Oksijeni ina protoni 8. Ikipata ya 9 si oksijeni tena, ni florini.

Hapo saa imeanza kuhesabu.

Florini ikiwa ndani ya maji ni mvivu. Maji yameizunguka pande zote na haishikani na kitu. Kwa hiyo wakemia huipitisha katika chujio la resini linaloinasa, na maji ya thamani hukusanywa kando. Kisha huiosha kutoka kwenye resini kwa chumvi ya potasiamu pamoja na kemikali iitwayo Kryptofix, ambayo huifungia potasiamu ndani yake kama kikapu chenye mfuniko. Potasiamu ikishafungiwa, florini hubaki huru na yenye hamu ya kazi. Maji yaliyosalia hufukuzwa kwa joto, mpaka kukauke kabisa.

Ndipo huletwa sukari iliyoandaliwa. Sehemu zake zote zimefunikwa isipokuwa moja, ambapo kemia imeweka kitu chepesi kuondoka, kama mtu aliyekalia kiti ukingoni. Florini huja kwa nyuma, mtu yule huondoka, nayo hukaa mahali pake. Baadaye vifuniko vingine huondolewa kwa tindikali au kwa kemikali kama magadi. Mchanganyiko husafishwa, huchujwa kwa chujio dogo kiasi cha kuzuia bakteria, na huwa tayari. Sehemu hii ya kemia huchukua kama nusu saa au zaidi kidogo. Yote hufanywa na mitambo ndani ya kabati lenye kuta nene za risasi, na mfanyakazi husimama nje.

Njia hii ilitoka Jülich, Ujerumani, mwaka 1986, kwa kazi ya Kurt Hamacher na wenzake. Kabla ya hapo walitumia gesi ya florini, na kwa kawaida ya gesi hiyo karibu nusu ya florini yenye mionzi ilipotea bure. Hata hivyo ni kwa njia ile ya zamani binadamu wa kwanza alipigwa picha mwaka 1976. Sukari ilitengenezwa Brookhaven katika jimbo la New York, ikapelekwa kwa ndege hadi Philadelphia, ambako watu wawili waliojitolea walikuwa wakisubiri. Tangu mwanzo dawa hii imekuwa ikikimbizana na saa.

Kwa nini isiletwe kwa basi?

Tufanye hesabu. Chupa ikiwa tayari saa 11:00 alfajiri, saa 12:50 imebaki nusu. Saa 2:40 imebaki robo. Saa 4:30 imebaki sehemu moja kati ya nane. Ukiipakia kwenye basi kwa safari ya saa 11, itakuwa imegawanyika nusu mara 6, na utapokea sehemu moja kati ya 64. Friji haisaidii. Barafu unaweza kuifunika kwa pumba za mbao ikakaa zaidi, lakini florini haijui joto wala baridi.

Kwa sababu hiyo siklotroni lazima iwe karibu na mgonjwa, au mgonjwa aende karibu na siklotroni. Nairobi ilipata ya hospitali kupitia Aga Khan mwishoni mwa miaka ya 2010, na baadaye hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kwetu Tanzania, Serikali iliamua kujenga kituo cha namna hiyo katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kwa mgonjwa wa huku ziwani, hata baada ya kufika Bugando, bado ni safari. Daktari wako atakuambia ni wapi panapokufaa kwa wakati huo.

Kuna jambo jingine linalonigusa mimi kama muuguzi. Dawa ya sindano huthibitishwa kuwa haina vijidudu kwa kuioteshea maabara, na majibu huchukua siku nyingi. Dawa hii haiwezi kungoja siku nyingi. Mgonjwa huchomwa kabla majibu hayo hayajatoka. Kwa hiyo usalama wake unatoka katika usafi wa kila hatua, chujio linalopimwa kama halikupasuka, na vipimo vya haraka vya tindikali, mabaki ya kemikali na sumu za bakteria. Wanaoifanya kazi hii usiku, wakati sisi tumelala, wanastahili heshima yetu.

Kwa nini hata uji?

Sasa mnaweza kujijibu wenyewe. Ukinywa uji wenye sukari, damu hujaa sukari ya kawaida. Chembe za saratani hushiba hiyo, na ile yenye florini hukosa nafasi. Tena mwili hutoa insulini, ambayo husukuma sukari kwenye misuli. Picha hutoka na misuli inayong'aa na saratani iliyofifia, na daktari anaweza kudanganyika kwamba umepona. Hasara hiyo ni kubwa kuliko ng'ombe wawili.

Kama umeandikiwa kipimo hiki, kumbuka haya:

1. Kwa saa 6 hivi kabla ya kipimo, au kama ulivyoelekezwa, usile. Usinywe uji, chai ya sukari, soda, maziwa wala juisi. Usitafune muwa wala pipi. Maji matupu yanaruhusiwa, tena kunywa ya kutosha.

2. Siku moja kabla usilime, usibebe mizigo wala usitembee mwendo mrefu. Misuli iliyochoka hula sukari.

3. Mwenye kisukari aseme mapema, si siku ile ile. Usiache wala usibadilishe dawa zako bila kuelekezwa.

4. Mwambie daktari kama umewahi kuugua kifua kikuu, una kidonda, au umefanyiwa upasuaji karibuni. Uambukizo nao hula sukari na hung'aa katika picha. Si kila kinachong'aa ni saratani.

5. Mama mjamzito, au anayedhani huenda ni mjamzito, na anayenyonyesha, aseme kabla ya sindano.

6. Fika kwa wakati. Ukichelewa saa mbili, zaidi ya nusu ya dawa yako imekwisha.

7. Baada ya sindano utalala kimya karibu saa nzima. Usiongee sana, usitafune kitu. Kabla ya picha nenda haja ndogo, kwa sababu dawa iliyozidi hutokea huko.

Je, mionzi hiyo ina hatari?

Mionzi si ya kuchezea, ndiyo maana kipimo hiki huandikwa na daktari kwa sababu maalumu, na nchini kwetu Tume ya Nguvu za Atomiki ndiyo inayosimamia matumizi yake. Lakini kiasi kinachotumika ni kidogo, na chenyewe hupungua haraka. Baada ya saa 18 na dakika 20 hubaki sehemu moja kati ya 1,000 hivi. Kwa saa chache za mwanzo usimpakate mtoto mdogo wala kukaa karibu sana na mjamzito. Kesho yake unaweza kumbeba mjukuu bila wasiwasi. Hakuna haja ya kumtenga mgonjwa, vyombo vyake wala kitanda chake.

Mama yule wa visiwani alipimwa mara ya pili, akiwa amekunywa maji tu. Picha ilionyesha tezi mbili kifuani ambazo bado zilikuwa na ugonjwa, na madaktari wakabadilisha matibabu yake. Aliporudi kwangu alikuja na dada yake. Dada hakunilaumu, ingawa angeweza. Aliniambia tu, “Sista, siku nyingine usiseme usile. Sema: hata uji.”

Tangu siku ile nasema hivyo. Nanyi mkimsindikiza mgonjwa, mwulizeni muuguzi sababu ya kila sharti, hata akionekana ana haraka. Ni haki yenu kuijua, na ni wajibu wetu kuisema.